Giaboksi ya Kuazima

Mwaka 1983 nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vikafuata, fedha za kigeni zikaadimika na vipuri navyo vikapotea. Basi dogo la chuo, lililotengenezwa Uingereza, likafa giaboksi. Bila gari hilo wanachuo wasingefika shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha.

Fundi mmoja wa mtaani akaleta giaboksi ya gari la Kijapani. Nilicheka. Matundu ya bolti hayakulingana, klachi pleti haikuingia kwenye shafti, na propela ilizidi urefu. Akakata bamba la chuma la kuunganishia, akatafuta pleti nyingine, akaifupisha propela. Siku ya tatu beringi ikaanza kulia: bamba lilikaa pembeni kwa unene wa karatasi. Hakutafuta wa kumlaumu. Alifungua vyote, akapima upya, akachonga bamba jingine.

Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, gari letu lilikuwa bado linatembea. Mimi nilifundisha walimu. Kukiri kosa na kuanza upya nilifundishwa na fundi asiye na cheti.