Keki ya jibini: Namna ya kuitoa kwenye chombo bila kuvunjika

Keki ya jibini imeiva, juu imetulia, rangi safi. Unafungua kibanio cha chombo, unainua ukingo, na kipande cha keki kinabaki kimeng'ang'ania pembeni. Kama ni ya nyumbani, mtacheka na kuila hivyo hivyo. Kama ni oda ya mteja, umepoteza jibini, mayai, siagi na jina.

Mara nyingi tatizo ni haraka. Keki hii haisimami kwa unga kama keki ya kawaida. Inashikwa na mayai na jibini, na vikiwa vya moto ni laini. Ikitoka kwenye oveni huku katikati inatikisika kidogo, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Inakaza inapopoa.

Kwa hiyo usiitoe siku hiyo hiyo kama unaweza kusubiri. Ikishatoka kwenye oveni, iache kama dakika 10, kisha pitisha kisu chembamba kuzunguka pembeni, ukikiegemeza kwenye chombo na siyo kwenye keki. Hatua hii wengi wanairuka. Keki ikipoa inasinyaa, na kama pembeni imeganda kwenye chombo, itapasuka katikati.

Iache ipoe, lakini isikae nje zaidi ya saa mbili, hasa kwenye joto kama la Dar au Mombasa. Kisha iweke kwenye friji saa 6 au zaidi. Ikilala usiku mzima ni bora. Usiifunike ikiwa bado ya moto, mvuke utageuka maji na kudondokea juu yake.

Siku ya kuitoa, chovya kisu kwenye maji ya moto, kifute, zungusha tena pembeni. Fungua kibanio polepole. Ukiona sehemu inagoma, funga, pitisha kisu tena hapo. Usivute. Kama chombo chako hakina kibanio ila kitako chake kinatoka, kiweke juu ya kopo la maziwa ya unga, halafu shusha ukingo taratibu. Keki itabaki juu ya kopo.

Sasa kitako. Chini kuna biskuti zilizosagwa na kuchanganywa na siagi, na siagi hiyo imeganda na baridi ya friji. Loweka taulo kwenye maji ya moto, likamue, weka chombo juu yake kwa dakika moja hivi. Siagi italegea kidogo tu. Ingiza kisu kirefu bapa chini ya biskuti, zungusha, kisha sukuma keki iteleze kwenda kwenye sahani. Usiinyanyue kwa mikono. Na kwa kweli, kama hakuna mgeni wa kumwonyesha, iache juu ya kitako chake na ukate hapo hapo.

Anayeoka mara kwa mara ajiandae mapema: tandaza karatasi ya kuokea juu ya kitako, funga ukingo juu yake, ncha zikibaki nje. Siku ya kutoa unavuta karatasi, keki inafuata.

Huna chombo cha namna hiyo, una sufuria tu? Inawezekana. Kunja foili iwe mikanda miwili mipana, ipishanishe msalaba ndani ya sufuria, ncha zitokeze juu, halafu weka duara la karatasi ya kuokea juu yake kabla ya biskuti. Keki ikishalala kwenye friji, pitisha kisu pembeni, shika ncha zote nne na uinue kwa pamoja. Hapa ni vizuri mtu wa pili ashike sahani karibu.

Na kama imechubuka pembeni, lainisha kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa. Ikibaki alama, weka vipande vya embe au zungushia biskuti zilizosagwa.