Kitako cha Kioo cha Ndani cha Motokaa: Kukibandua na Kukihamisha

Kitako cha kioo cha ndani ni kipande kidogo cha chuma au zinki, aghalabu kisichozidi upana wa kidole gumba, kinachobandikwa kwa gundi upande wa ndani wa kioo cha mbele cha motokaa, ili kishike mkono wa kile kioo kimwonyeshacho dereva yaliyo nyuma yake. Hulazimu kukibandua pale kioo cha mbele kinapopasuka na kitako chake kikatakiwa kwenye kioo kipya, au gundi inapolegea upande mmoja, au dereva, kwa urefu au ufupi wa kimo chake, anapoona kwamba kilipowekwa kiwandani chamzibia njia. Kazi yenyewe ni ndogo, lakini vioo vingi vimeharibiwa nayo. Kwani gundi iliyoshika barabara huwa na nguvu kuliko kioo ilichoshikamana nacho, hata yule avutaye kwa nguvu za mkono, badala ya kuondoka na chuma peke yake, huondoka na chuma kilichong'oa kibanzi cha kioo.

ASILI YAKE. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa hodari wa kuendesha motokaa, aliwausia madereva wa kike, katika kitabu chake The Woman and the Car, wachukue kioo kidogo cha mkononi na kukiinua kila wanapotaka kuona yaliyo nyuma. Mwaka 1911 Ray Harroun aliingia katika mashindano ya Indianapolis, Marekani, akiwa peke yake ndani ya gari lake la Marmon, ilhali wenzake walipakia fundi ambaye miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwatazamia nyuma. Mahali pa fundi huyo Harroun akafunga kioo, naye akashinda. Vioo vya mwanzo vilifungwa kwa skrubu kwenye fremu au dari. Kuvibandika kwa gundi kulikuja baadaye, kukaenda sambamba na hima ya kuwakinga abiria wasiumie vichwa wakati wa ajali. Kanuni ya usalama ya Marekani nambari 111 yataka kioo kilicho mahali pa kugongwa na kichwa kikunjike, kibonyee au kiachie, bila ya kuacha ncha kali, kinaposukumwa kuelekea mbele kwa nguvu ya nyutoni 400, yaani kiasi cha uzito wa kilo 40. Kwa sababu hiyo mkono wa kioo huundwa uachane na kitako, bali kitako chenyewe hukusudiwa kibaki palepale.

UMBILE NA ADUI WAKE. Kioo cha mbele ni bamba mbili za kioo zilizoambatanishwa kwa utando laini wa plastiki ulio katikati, wenye unene wa milimita 0.76 katika magari mengi. Asili ya fikra hiyo ni hataza ya mwaka 1909 ya mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus. Kitako hushika bamba la ndani peke yake, nalo halizidi sana milimita mbili. Joto linapopanda kwa nyuzi moja, kioo hutanuka kwa takriban sehemu 9 katika milioni, chuma kwa sehemu 12, na zinki kwa sehemu 30 hivi. Basi gari lililoegeshwa juani, kisha likapata baridi ya usiku, huifanya gundi ivutwe huku na huku kila siku, mpaka siku moja iachie na kioo kianguke. Joto hilohilo liangushalo vioo bila ya kuombwa ndilo fundi alitumialo kwa makusudi, naye huwa amelitia katika kipimo.

KUBANDUA. Kwanza huchomolewa nyaya, iwapo kioo kina nyaya. Kisha mkono huondolewa kwenye kitako, ama kwa kulegeza skrubu ndogo kwa ufunguo wa pembesita, ama, katika magari yenye kibanio cha springi, kwa kuusukuma au kuuzungusha kama umbile lake linavyotaka. Gari lenye kamera au kihisi cha mvua nyuma ya kioo hicho yafaa liachiwe mjuzi, kwani kamera ikisogezwa haina budi ipimwe upya. Baada ya hapo kitako hupashwa moto kwa kikausha nywele, hewa ikielekezwa kwenye chuma chenyewe wala si kwenye kioo kitupu, na mkono usitulie pahali pamoja; kioo chenye ufa, hata uwe mdogo kama punje ya mtama, kisipashwe kabisa. Mtu wa pili asimame nje akitazama gundi kupitia kioo: ilipo bado imeshika huonekana nyeusi na sawia, na ilipoachia huonekana weupe wa fedha, unaoanzia ukingoni na kuingia ndani taratibu. Weupe huo unapoenea, kitako hushikwa kwa koleo na kunyongwa polepole upande huu na huu, sambamba na kioo. Kisivutwe kuelekea ndani ya gari, wala bisibisi isipenyezwe chini yake. Kikikataa, hurejeshwa kwenye moto. Kumwagia maji baridi kioo kilichopata moto ni kukipasua.

Gundi iliyosalia hukwanguliwa kwa wembe mpya uliolazwa, na mabaki yake hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa asetoni kidogo. Asetoni isimwagike kwenye dashibodi, kwani hula plastiki. Wala wembe usipite juu ya ule ukanda mweusi wa vidoti ulio ukingoni mwa kioo, maana rangi yake ikikwanguka hairudi.

KUCHAGUA MAHALI. Nuru hurudi kwenye kioo kwa pembe ileile iliyoingilia. Kwa hiyo uso wa kioo sharti uelekee katikati hasa ya pembe iliyo baina ya jicho la dereva na dirisha la nyuma. Dereva huketi kama aketivyo safarini, mwenziwe akishika kioo mahali mbalimbali, mpaka dirisha lote la nyuma lionekane pasipo kuinamisha kichwa. Kisha alama huwekwa upande wa nje wa kioo, kwa kalamu ya nta. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 46 yataka dereva aone barabara yenye upana wa mita 20, kuanzia mita 60 nyuma ya macho yake hadi upeo. Gari lililohamishwa usukani, kutoka kulia kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda, kwenda kushoto kama ilivyo Kongo, Rwanda, Burundi na Omani, aghalabu halihitaji kuhamishwa kitako, kwa kuwa kipo katikati. Kugeuza uso wa kioo kwatosha.

KUBANDIKA. Gundi ifaayo ni ile iuzwayo makusudi kwa kazi hii, pamoja na dawa yake ya kuamsha. Gundi ya kawaida ya papo kwa papo hukauka ikawa ngumu na yenye kuvunjika kama kaki, nayo haivumilii mivutano ya jua. Chuma husuguliwa kwa msasa mpaka king'ae, kioo husafishwa kwa spiriti, na baada ya hapo pasiguswe kwa kidole, kwani mafuta ya ngozi yanatosha kuiharibu kazi. Dawa hupakwa na kuachwa ikauke, hutiwa tone moja la gundi, na kitako hukandamizwa kwa dakika moja bila kuteleza. Kwa vitako vilivyo vyembamba upande mmoja, aghalabu wembamba huelekezwa juu, ili mkono ushuke kwa uzito wake na kukaza. Kioo kisitundikwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, na kuacha mpaka kesho yake ni bora zaidi. Kutoka nje, gundi iliyoenea vema huonekana rangi moja. Povu jeupe ni dalili ya hewa iliyonaswa.

Kitako kikianguka tena, kisirudishwe kabla ya kutazamwa gundi imebaki upande gani. Ikibaki yote kwenye kioo, chuma hakikusuguliwa ipasavyo. Ikibaki yote kwenye chuma, kioo hakikuwa safi. Na ikiwa imegawanyika, nusu huku na nusu kule, basi usafi ulitimia, na kilichopungua ni gundi yenyewe au muda iliopewa.