Mpini Mpya, Chuma cha Jana: Zana za Urithi Baraka na Fizi

Zana za urithi katika karakana za Baraka na vijiji vya Fizi, mashariki mwa Kongo, haziheshimiwi kwa kufungiwa sandukuni. Hutolewa kutu, hunolewa, hutiwa mpini mpya, na pale chuma kilipolika hurudishwa motoni: baba ameshika koleo, kijana anavuta mivukuto, mdogo wao anasugua kwa mchanga na maji. Mpenzi wa mambo ya kale anaweza kusikitika. Tezo ambayo babu alibadilisha mpini na baba akabadilisha makali, atauliza, ni tezo ya nani tena? Nionavyo mimi, swali hilo limeelekezwa mahali pasipo pake. Ukarabati wa namna hii, wa ukoo na wa kila msimu, ndio uliotuhifadhia historia ya ufundi wa ufuko huu wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, na umeihifadhi kwa sababu hauogopi kubadilisha.

Tuanze na vyombo vya majini, maana huko ushahidi ni mwingi. Mwaka 1858, wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji, mitumbwi waliyoikuta ziwani ilikuwa ya gogo moja, na mingi ilichongwa ng'ambo ya magharibi, ambako milima ilikuwa na miti minene kuliko upande wa Ujiji. Kazi hiyo ilihitaji moto, shoka na tezo, basi. Lakini mwezi Machi mwaka huohuo Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge, upande huu wa magharibi, kuomba kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim. Jahazi hakulipata, ila safari yake inatuachia habari kubwa kuliko alivyokusudia. Chombo cha mbao zilizounganishwa hakitengenezwi kwa shoka na tezo peke yake: kinataka msumeno, keke ya kutobolea, patasi, misumari, na fundi anayejua kukalafati. Maana yake ni kwamba katikati ya karne ya 19 mikoba miwili ya zana ilikuwa tayari imekutana ziwani, mmoja wa bara na mmoja wa pwani. Mkoba wa tatu ulikuja na wamisionari. Mapadre Weupe walijenga Kibanga mwaka 1883, jirani na rasi ya Ubwari, na majengo ya misheni hayasimami bila seremala mwenye randa na pembemraba.

Sasa tazama umbo la zana zenyewe. Shoka la kiwandani lina tundu. Mpini unapita humo na kubanwa kwa kabari. Shoka na tezo za wahunzi wa Afrika ya Kati zimeundwa kinyume chake: chuma kina mkia uliochongoka, na mkia huo ndio unaochomekwa katika kichwa kinene cha mpini, kilichochongwa kwenye fundo la mti ili kisipasuke. Kila pigo linauzamisha mkia zaidi, kwa hiyo chombo hujikaza chenyewe kinapofanya kazi. Umbo hili halikubaki kwa ukaidi wa wazee. Mhunzi anayefua kipande cha springi ya gari anaweza kutoa mkia kwa nyundo na moto wa makaa. Kutoboa tundu safi la shoka ni kazi nyingine kabisa, inayotaka fuawe nzito na tindo ngumu. Na springi ya gari, ikipashwa moto na kuzimwa majini kwa kipimo, hushika makali kuliko chuma laini kilichoyeyushwa zamani katika tanuri za udongo. Mjukuu akifua makali mapya kwa umbo lilelile, anapata chombo bora kuliko cha babu yake, na umbo la babu limebaki. Aliyekiweka chombo kabatini angebaki na kutu, hasa hapa ziwani ambako unyevu hauna likizo.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwenye vita. Urithi gani unaozungumziwa katika nchi iliyoporwa mara kwa mara? Uasi wa Simba ulifika mwaka 1964. Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare waliivamia Baraka kutoka majini. Kuanzia 1967 chama cha Laurent-Désiré Kabila kiliweka ngome katika milima ya Fizi kwa miaka mingi. Kisha vikaja vita vya 1996, watu wakavuka ziwa kwa maelfu hadi Kigoma, Tanzania, na wengi wakaishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Anayekimbia na mtoto mgongoni habebi fuawe. Nakubali: karakana nyingi zilipotea kabisa. Hata hivyo, Oktoba 2005 meli zilipoanza kuwarudisha watu Baraka, nyumba zilihitaji milango, na wavuvi walihitaji mitumbwi. Mtu ambaye utotoni alikabidhiwa kunoa na kutia mipini ndiye anayeweza kuanza upya na springi moja na gogo la fundo. Aliyeachiwa chombo tu, bila kazi ya kukitengeneza, alipokipoteza alikuwa amepoteza kila kitu. Hapa ndipo naona tofauti kati ya kurithi mali na kurithi ufundi, na vita viliipima tofauti hiyo kwa ukatili kuliko ambavyo mwanahistoria yeyote angethubutu.

Wapo wanaosema huu ni umaskini unaopambwa jina la utamaduni: mwenye fedha hununua tezo mpya dukani. Ni kweli kwa sehemu, na sioni aibu ndani yake. Bei ndiyo iliyowalazimisha mafundi wengi duniani kutengeneza badala ya kutupa, na lazima hiyo haiufanyi ufundi wao kuwa bandia. Wengine wanaelekeza kidole kwenye dhahabu ya machimbo ya Misisi, kwamba imewanyakua vijana wote. Lakini sururu inayogonga mwamba huwa butu haraka, na ikiwa butu hurudi kwa mhunzi. Mgodi unachukua wanagenzi na papo hapo unaleta wateja.

Pingamizi moja sina jibu lake la kuliondoa. Kwa Wabembe, wenyeji wa Fizi, ukoo hufuata upande wa baba, na zana hufuata njia hiyohiyo. Binti anayechota maji ya kuzimia chuma na kuona rangi ya moto kila siku anaweza kujua mengi kuliko kaka yake, na bado koleo likapita juu ya kichwa chake kwenda kwa kaka huyo asiyelitaka.