Jozi Darasani: Somo Kutoka Ushirika wa Kilimanjaro

Makala haya yanajenga hoja kwamba kuwaketisha wanafunzi wawili wawili hakutoshi kubadili mwingiliano wao darasani. Kinachoubadili ni mpangilio wa kazi wanayopewa: wahitajiane ili waimalize, na kila mmoja awajibike kwa alichojifunza.

Tuanze na muda. Darasa lenye wanafunzi 60 na kipindi cha dakika 40 humwachia kila mtoto sekunde 40 tu za kusema, hata mwalimu akinyamaza kabisa. Ndiyo maana swali la "Tumeelewana?" hujibiwa kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!", na asiyeelewa hujificha ndani ya sauti za wenzake. Dakika tano za mazungumzo ya jozi humpa kila mmoja dakika mbili na nusu.

Muda huo huleta mazungumzo ya aina nyingine. Chukua swali la kujumlisha 2/3 na 1/4. Mwanafunzi anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini hupata 3/7. Mwalimu akitia alama ya mkasi tu, kosa limehukumiwa lakini halijaeleweka. Mwenzake akimuuliza, "Mbona umeongeza, halafu jibu limekuwa dogo kuliko 2/3?", hapo hulazimika kutetea njia yake, kuikagua, na hatimaye kufika 11/12. Naye aliyeuliza hunufaika, kwani kumhoji na kumweleza mwingine humdai apange mawazo yake. Kuhusu anayesaidiwa, mwanasaikolojia Lev Vygotsky alifafanua kwamba mtoto akisaidiwa na anayejua zaidi hufikia asichokimudu bado peke yake.

Hata hivyo, jozi isiyopangwa huzaa tatizo jipya: mmoja huandika, mwingine hunakili. Watafiti wa ujifunzaji wa ushirikiano, David na Roger Johnson, wanasisitiza kutegemeana na uwajibikaji wa kila mtu. Kilimanjaro inaujua msingi huo tangu wakulima wa kahawa walipounda chama chao mwaka 1925, kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Katika chama cha msingi cha ushirika, kahawa ya kila mkulima hupimwa na kuandikwa kwa jina lake, kisha huuzwa pamoja na ya wenzake. Nguvu ni ya wote, lakini hakuna anayejificha nyuma ya gunia la jirani. Jozi za darasani nazo zinahitaji mizani hiyo.

Wapo wanaohofia kelele na kupotea kwa muda. Hofu hiyo ina msingi pale kazi isipokuwa na mipaka. Dawa yake ni swali moja lililo wazi, muda uliotajwa, kubadilishana zamu ya kueleza na kuuliza, na mwalimu kumteua yeyote kati ya wawili hao atoe hoja ya mwenzake. Kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaohama kutoka kufundishwa kwa Kiswahili kwenda kwa Kiingereza, jozi ni mahali pa kujaribu sentensi kabla ya kuitamka mbele ya darasa zima.

Mtaala wa sekondari wa Tanzania wa mwaka 2005 ulielekeza ufundishaji kwenye ujenzi wa umahiri. Umahiri haujengwi kwa kuitikia kwa pamoja. Vyuo vya ualimu vimpime mwalimu mtarajali kwa namna anavyoandaa kazi ya jozi na kuisikiliza, wala si kwa namna anavyopanga madawati.