Utafiti wa maoni kwa njia ya mtandao
Utafiti wa maoni kwa njia ya mtandao ni ukusanyaji wa taarifa kwa kutumia hojaji, yaani orodha ya maswali yaliyopangwa, ambayo wahojiwa huijaza wenyewe kupitia simu au kompyuta iliyounganishwa na intaneti. Maandalizi yake huanza kwa kubainisha lengo na walengwa, kisha huteuliwa sampuli, ambayo ni sehemu ya walengwa hao inayowawakilisha wote.

Sampuli ikiteuliwa kwa nasibu kutoka jamii kubwa, wahojiwa wapatao 385 hutosha kukadiria maoni kwa ukingo wa makosa (tofauti inayokubalika kati ya makadirio na maoni halisi ya jamii) wa asilimia 5, katika kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Hata hivyo, wingi wa majibu haufidii upendeleo wa uteuzi. Mwaka 1936, jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea kadi za maoni zaidi ya milioni 2 na kutabiri ushindi wa Alf Landon katika uchaguzi wa rais, ilhali aliyeshinda ni Franklin Roosevelt. Utabiri ulikosea kwa kuwa majina mengi ya waliotumiwa kadi yalitokana na orodha za wenye simu na magari, na wengi wao hawakuzirudisha. Hatari hiyo huukabili pia utafiti wa mtandaoni, unaowaacha nje wasio na intaneti.

Maswali yanapaswa kuwa mafupi, yasiyoelekeza jibu wala kuunganisha hoja mbili, na yajaribiwe kwanza kwa watu wachache. Aidha, ridhaa na usiri wa wahojiwa ni wajibu usioepukika. Nchini Kenya, taarifa zao hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.