Walipewa Jembe, Kalamu Wakanyimwa: Stori ya Komedi za Uingereza

Wasee, leo tuongelee Mind Your Language. Kama mzazi wako alikuwa karibu na TV enzi zile stesheni ilikuwa moja tu nchi nzima, mtajie hilo jina tu. Ataanza kucheka kabla hujamaliza swali. Darasa la jioni London, mwalimu Mzungu anaitwa Mr. Brown, na wanafunzi wametoka kila pembe ya dunia kujifunza Kiingereza: India, Pakistan, China, Japan, Italia, Hispania. Kila mmoja anakiharibu Kiingereza kwa njia yake, na hapo ndipo kicheko kinatoka. Nimekiona YouTube na sitawadanganya, nilicheka.

Lakini angalia jina la mwandishi. Kipindi kilianza 1977 kwenye ITV, na maneno ya darasa zima, kuanzia Sikh hadi Mhispania, yaliandikwa na Vince Powell, Mwingereza mweupe. Wageni walijaa kwenye skrini, lakini hakuna aliyekuwa ameshika kalamu. Kwangu mimi, historia yote ya komedi za Uingereza kuhusu wahamiaji iko hapo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uingereza ilifuata hiyo kabisa. Baada ya Vita vya Pili ilihitaji wafanyakazi, na 1948 meli ya Empire Windrush ikafika na mamia ya watu kutoka Karibi. Wengine wakafuata kutoka India na Pakistan. Wakaendesha mabasi, wakawa manesi, wakafanya kazi viwandani. Huku kwetu pia watu waliondoka: Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kwenda kwa wingi 1967, na mwaka uliofuata bunge la London likapitisha sheria haraka haraka kuwazuia. 1972 Idi Amin akawafukuza Wahindi wa Uganda, na karibu 28,000 wakaingia Uingereza.

Jembe walipewa. Kwenye TV, stori yao ilisimuliwa na wenyeji.

Till Death Us Do Part ilikuwa imeanza BBC katikati ya miaka ya 60. Mwandishi Johnny Speight alimuunda Alf Garnett, mzee mbaguzi anayepiga kelele nyumbani kwake, ili watu wamcheke. Shida ni kwamba wengi walicheka pamoja naye. Walimwona kama msee jasiri anayesema ukweli. 1969 Speight akaandika Curry and Chips, ambapo Spike Milligan alipakwa rangi ya kahawia usoni ili aigize mtu mwenye asili ya Pakistan. Hiyo ilikufa baada ya sehemu sita tu.

Halafu 1972, mwaka ule ule wa Amin, ITV ikaleta Love Thy Neighbour. Jirani mweupe, jirani mweusi, matusi kila dakika. Huyu Vince Powell alikuwa mmoja wa waandishi wawili. Walijitetea kwamba mbaguzi ndiye anayeaibika mwishoni. Sawa. Lakini watu weusi wengi waliokulia Uingereza miaka hiyo wamesimulia jinsi matusi ya kwenye TV jioni yalivyowafuata shuleni kesho yake. Mtoto anayekutukana uwanjani hana haja na mwisho wa stori. Yeye amebeba lile neno tu.

Utasema basi suluhu ni kuweka watu weusi wengi kwenye kipindi. Walijaribu. 1976 ikaja The Fosters, familia nzima weusi, Norman Beaton akiwa baba na Lenny Henry, kijana mdogo kabisa wakati huo, akiwa mmoja wa watoto. Hatua kubwa! Ila skripti zilitolewa kwa komedi ya Marekani, Good Times, zikarekebishwa zifanane na London. Yaani sura zilikuwa zao, maneno ya kuazima.

Mambo yalianza kugeuka Channel 4 ilipofungua milango 1982, kwa sababu sheria iliitaka ihudumie watazamaji ambao ITV ilikuwa imewasahau. Na 1989 ikaleta kipindi ninachokipenda kuliko vyote kwenye hii orodha: Desmond's. Mwandishi wake, Trix Worrell, alizaliwa Saint Lucia na kukulia London. Akaiweka stori kwa kinyozi, mtaa wa Peckham.

Wewe unajua kinyozi. Unaenda kunyolewa dakika ishirini, unatoka baada ya saa mbili ukiwa umesikiliza siasa, mpira na ndoa ya mtu usiyemjua. Desmond, akiigizwa na Norman Beaton yule yule, ni mzee kutoka Guyana anayeota kurudi nyumbani siku moja. Bibi yake Shirley ndiye anayemrudisha kwenye mstari. Kuna Matthew, mwanafunzi kutoka Gambia asiyemaliza masomo, ambaye kila jambo ana methali yake ya Kiafrika. Wakaribi wanamtania Mwafrika, Mwafrika anawajibu, na hakuna anayesimama kumweleza Mzungu kwa nini yuko Uingereza. Wako nyumbani. Kipindi kilienda hadi 1994, sehemu 71.

1998 Goodness Gracious Me ikaingia BBC kutoka redioni. Hivi vilikuwa vichekesho vifupi vifupi, vilivyoandikwa na kuigizwa na Waingereza wenye asili ya Kihindi. Kimoja kinajulikana sana: Wahindi wamelewa, wanaingia hoteli ya chakula cha Kiingereza, wanamsumbua weita na kuagiza chakula kisicho na ladha hata kidogo. Kila Mhindi aliyewahi kufanya kazi kwenye mkahawa wa kari Ijumaa usiku alijua nani anachekwa hapo.

Sasa msifikirie kalamu ikishikwa na wenyewe basi amani. 2012 Adil Ray, ambaye mamake ana asili ya Kenya, alileta Citizen Khan, stori ya baba Mwislamu wa Birmingham anayejiona kiongozi wa jamii. Malalamiko yalimiminika, mengine kutoka kwa Waislamu, hasa kwa sababu ya binti anayejifanya kusoma Kurani babake akitokea. Nawaelewa waliokasirika. Ukiwa na familia moja tu ya Kiislamu kwenye komedi ya BBC One, hiyo familia inageuzwa balozi wa mamilioni, na balozi haruhusiwi kuwa mjinga.

Kwa hivyo dawa ni kalamu nyingi. 2015 Michaela Coel akaja na Chewing Gum, 2017 Guz Khan, mwalimu wa zamani aliyejulikana kwa video za mtandaoni, akaja na Man Like Mobeen. 2021 Nida Manzoor akatuletea We Are Lady Parts, bendi ya panki ya wanawake Waislamu ambao hata wao hawakubaliani kuhusu dini, wanaume wala hijabu. Hakuna anayebeba jamii nzima mgongoni, kwa hivyo kila mmoja anaweza kuwa mshamba, mwongo au mwoga kama binadamu yeyote.

Hii inatuhusu sisi tunaotengeneza video hapa Nairobi. Mlinzi mwenye lafudhi, dada wa kazi mwenye lafudhi, mwenye duka Msomali, Mhindi wa hadweya. Wote wanachekesha na wote wanaandikwa na mtu mwingine. Guz Khan alianza na simu na intaneti, vitu ambavyo hata dada wa kazi anavyo. Kabla hujarekodi ile ya mlinzi wiki hii, muulize mlinzi wenu yeye huchekeshwa na nini kuhusu wenye nyumba. Nakuhakikishia ana stori kali kuliko yako, na akikubali uitumie, jina lake liwekwe pale juu na alipwe.