Udongo wa Tanuri katika Historia ya Uyeyushaji wa Chuma

Katika nyanda za Getanuwas, upande wa Hanang, kazi ya chuma miongoni mwa Wabarabaig, ambao Waswahili waliwaita Wamang'ati, ni ya watu wa Gidang'odiga, ambao kwa desturi huoana wao kwa wao. Kazi yao ni kufua. Kufua na kuyeyusha ni mambo mawili, ingawa neno "mhunzi" huyafunika yote: mfuaji hupokea chuma kilichokwisha kupatikana, ilhali myeyushaji hukitoa katika mawe. Mfuaji hutosheka na moto na mvukuto. Myeyushaji huhitaji pia udongo usioshindwa na moto, na habari za udongo huo ndizo zilizopuuzwa mno na waandishi wa historia ya chuma.

Mfano ulio bora watoka Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako chuma kiliyeyushwa tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuri kama la zamani. Kazi hiyo ilikuwa imekoma kwa miaka mingi, chuma cha kigeni kikiwa kimejaa masokoni, na wazee walijaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Shimo walilikandika kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza matete yaliyochomwa. Juu yake wakainua ukuta, kisha wakaingiza ndani mirija ya udongo ya kupeleka pumzi ya mivukuto katikati ya makaa.

Mirija hiyo ndiyo iliyobeba hatari yote. Ili mavi ya chuma yayeyuke na kujitenga, joto halina budi kufika nyuzi 1,200 hivi, na humo udongo wa kawaida wa vyungu, wenye chuma kingi, huanza kulegea. Kaolini, kama ipatikanayo Pugu, ni muungano wa oksidi za alumini na silikoni. Ikiwa safi hustahimili nyuzi 1,700. Utafiti wa S. Terry Childs, uliotolewa mwaka 1989, ulionyesha kwamba wayeyushaji wa kale waliteua udongo kwa makusudi. Matundu madogo ndani yake nayo yana kazi: huzuia ufa usienee, ijapokuwa huyapa mavi ya chuma njia ya kupenya.

Tatizo hilo halikuisha na tanuri. Oksidi ya alumini yenye matundu ndiyo ibebayo platinamu katika vichocheo vya kusafisha moshi wa magari, vilivyoenea Marekani tangu 1975. Ikipita nyuzi 1,000 na kitu, umbo lake hugeuka, matundu hufumba, na kichocheo hudhoofika. Ndiyo maana huchanganywa na oksidi ya lanthanamu kidogo.

Mwaka 1978 Schmidt na Avery walidai kwamba pumzi ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kutoka, na joto likapita nyuzi 1,800. Wengine walipinga, wakisema kuwa udongo haupitishi joto upesi kiasi hicho. Chuma chenyewe kimeliwa na kutu. Ushahidi uliobaki ni vigae vya mirija, vyenye ncha iliyogeuka kioo, na juu ya vigae hivyo ndipo hoja za pande zote mbili zinapotegemea.